Kufunga shokapu za pikipiki kubwa na bloku ya milimita 62 kwenye CG125: nianzie wapi?

Mwendopole aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninajenga pikipiki juu ya fremu ya Honda CG125, ambayo injini yake ya asili ina pistoni ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Nimepata shokapu za mbele zilizopinduliwa, yaani zile ambazo bomba nene liko juu na jembamba liko chini, pamoja na vishikizi vyake (vibao vya juu na chini vinavyoshika shokapu kwenye nguzo ya usukani), ringi ya inchi 17 na breki mbili za diski, vyote vikiwa vimetoka kwenye pikipiki ya mwendo kasi yenye uzito wa kilo 200 hivi. Kwa upande wa injini ninayo bloku na pistoni ya milimita 62. Nimevishikiza vyuma hivi kwa muda tu ili nipime, nikaona kwamba sehemu ya mbele itashuka kwa milimita 60, na kwamba nguzo ya usukani ya vishikizi vipya ni nene kuliko ile ya zamani, hivyo beringi zangu haziingii. Je, nikate nguzo ya zamani niichomelee kwenye kishikizi kipya? Je, kushuka huko kutaharibu uendeshaji? Na bloku hiyo inaweza kufungwa bila kugusa silinda hedi?

Fundi wa Kerezo alijibu:

Mkuu, suala la kuchomelea liache kabisa. Kishikizi cha chini cha shokapu za aina hiyo kwa kawaida ni cha aluminiamu na nguzo yako ya zamani ni ya chuma, na metali hizo mbili hazichomelewi pamoja kwa njia ya kawaida. Zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kubakiza nguzo mpya na kutafuta beringi ambayo kipenyo chake cha ndani kinalingana na nguzo, na cha nje kinalingana na shingo ya fremu yako, yaani bomba la mbele la fremu ambamo nguzo huzunguka. Ndiyo maana unapaswa kupima vyote viwili kwa venia (kipimo cha kubana cha vipenyo), juu na chini, kabla ya kununua chochote. Ya pili ni kuitoa nguzo mpya kwa mashine ya kugandamiza, kisha fundi akereze nyingine yenye urefu wa shingo yako, iingie kwenye kishikizi kwa kubana sana kiasi kwamba haiwezi kusukumwa kwa mkono.

Kuhusu uendeshaji, kinachoamua si urefu wa shokapu peke yake. Chora kwa mawazo mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu mpaka barabarani, kisha pima kutoka hapo kurudi nyuma hadi pale tairi la mbele linapogusa ardhi. Umbali huo, ambao wengi huuita treili, ndio unaoufanya usukani ujinyooshe wenyewe. Tuseme shingo yako imelala kwa nyuzi 26 kutoka wima, nusu kipenyo cha gurudumu ni milimita 300, na shokapu za zamani zimesogezwa mbele ya nguzo kwa milimita 45: treili inakuwa kama milimita 96. Ukiteremsha mbele kwa milimita 60 kwenye pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana kwa milimita 1,280 hivi, shingo inasimama zaidi kwa karibu nyuzi 2.7, na kwa vishikizi vya zamani treili ingeshuka hadi 80. Hapo usukani ungekuwa mwepesi kupita kiasi na ungeanza kutikisika kwenye mwendo. Lakini vishikizi vya pikipiki za mwendo kasi aghalabu husogeza shokapu mbele kidogo tu, tuseme milimita 30, na kwa kipimo hicho treili inarudi kwenye 92 au zaidi hata kwa ringi ya inchi 17. Kwa hiyo usichanganye kishikizi cha pikipiki moja na shokapu za nyingine kwa sababu tu vimekubali kuingiliana. Pima zako, kwa maana namba nilizotumia ni za mfano.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: mabomba ya juu ya shokapu hizo ni manene, na usukani ukigeuzwa hadi mwisho yanaweza kugonga tangi. Vizuizi vya usukani vitengenezwe upya ili vizuie kabla ya bomba kufika kwenye tangi, na ugeuze usukani pande zote mbili huku ukiangalia kama kebo ya klachi na ya aksileta zinavutika.

Valvu Mbili alijibu:

Mimi nitajibu la injini. Pistoni ya 62 kwa mwendo uleule wa 49.5 inakupa sentimita 149.4 za ujazo, kutoka 124.1. Ikiwa mgandamizo wa sasa (ujazo wote pistoni ikiwa chini, kulinganisha na unaobaki ikiwa juu) ni 9 kwa 1, chumba cha kuunguzia kina sentimita 15.5 za ujazo. Ukiweka bloku mpya bila kubadilisha hedi wala urefu wa pistoni, mgandamizo unapanda hadi karibu 10.6 kwa 1. Hicho ni kiwango kinachodai petroli nzuri na wakati wa cheche ya plagi uliopangwa vizuri, la sivyo injini itatoa mlio wa kugonga ikielemewa mlimani. Hedi iliyotengenezwa kwa ajili ya pistoni ya 62 ni chaguo salama zaidi.

Kabla ya hayo, hakikisha pini ya pistoni inalingana na konrodi, na kwamba mdomo wa kesi ya injini unaupokea mkono wa chini wa bloku mpya, yaani ile sehemu ya silinda inayozama ndani ya kesi. Usipoupokea, kesi itafunguliwa na kupelekwa kwa fundi akapanue tundu. Kisha bandika udongo laini juu ya pistoni, funga hedi pamoja na gasketi yake, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua na ukate udongo huo pale valvu zilipoacha alama. Unene wa udongo uliobaki hapo ndio nafasi kati ya valvu na pistoni, na mimi sikubali chini ya milimita 1.5 kwa valvu ya kuingiza na 2 kwa ya kutoa. Pete nazo ziingize ndani ya bloku moja moja na upime mwanya wa ncha zake. Kwa kipenyo hicho robo ya milimita ndiyo kanuni ya kawaida. Kabureta itahitaji jeti (kitundu cha kupitisha petroli) kubwa zaidi, na rangi ya plagi itakuambia kama umepata inayofaa.

Mwendopole aliandika tena:

Nashukuru sana, wakuu. Nimepima: nguzo mpya ni fupi kwa shingo yangu, kwa hiyo nitaichukua njia ya kukereza. Je, breki zote mbili za diski nizibakize?

Fundi wa Kerezo alijibu:

Kwa pikipiki ya kilo 110 diski moja inatosha, lakini usiondoe kalipa moja (kifaa kinachobana diski) ukaacha pampu ya mkononi iliyokusudiwa kalipa mbili, kwa sababu mkono utakuwa mgumu na utahitaji nguvu nyingi kusimama. Tafuta pampu yenye pistoni ndogo zaidi.

Springi nazo zilikusudiwa pikipiki yenye uzito unaokaribia mara mbili ya hii. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba jembamba, keti juu ya pikipiki ukiwa umevaa kama unavyosafiri, na uone shokapu imezama kiasi gani. Ikiwa mwendo wake wote ni milimita 120, kuzama kwa 30 hadi 40 ni sawa. Ukipata 10, badilisha springi. Kupunguza oili hakusaidii hapo. Na usiifungue injini mpaka sehemu ya mbele iwe imekamilika na umeiendesha kwa nguvu za zamani, maana mambo hayo mawili yakibadilika kwa pamoja, mtikisiko wowote utakaousikia hutajua umetoka wapi.