Oili ya breki inapungua kila baada ya siku tatu na pedali inazama, nianzie wapi?

MamaSwaleh
Asalaam aleikum nyote. Naomba msaada wa haraka maana jambo lenyewe ni breki. Nina gari dogo la Kijapani la 2008, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Nakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hivyo kila siku navuka feri kwenda na kurudi. Wiki iliyopita taa nyekundu ya breki ilianza kuwaka nikikata kona, kisha inazima. Nikampelekea fundi, akafungua boneti, akaongeza oili, akaniambia nende zangu. Siku ya tatu taa ikarudi. Leo alfajiri, nikiteremka kuingia feri, pedali ilikwenda chini sana. Nilipampu mara mbili ndipo gari likasimama, karibu kabisa na mkokoteni wa madafu. Mwenye mkokoteni aligeuka akanitazama, na mpaka sasa yale macho yake sijayasahau. Kapeti chini ya miguu yangu ni kavu. Hiyo oili inakwenda wapi?

Kijana_wa_Tudor
Pole sana mama. Umeangalia chini ya gari? Ukiona majimaji upande wa abiria, huenda ni maji ya AC tu. Kwa joto la hapa kwetu hudondoka kutwa.

Fundi_Kongowea
Maji ya AC hayapunguzi oili ya breki, ndugu yangu. Mama Swaleh, gari liko wapi saa hii? Kama liko kazini, lisivuke feri kurudi. Wala usikubali livutwe kwa kamba, kwa sababu gari la kamba linategemea breki zake lenyewe. Fundi akufuate hapo, au lipakiwe juu ya lori.

Sasa sikiliza. Breki ni mfumo uliofungwa, oili yake haichomwi kama petroli. Ikishuka kidogo kidogo kwa miezi, mara nyingi ni pedi zimelika. Ikishuka kwa siku tatu, kuna mahali inatoka. Taa kuwaka kwenye kona ni kwa sababu oili iliyobaki kwenye kichupa inaelea upande mmoja.

Fanya hivi gari likiwa limesimama: jaza hadi alama ya juu, tandika kartoni chini ya kila tairi, washa injini, ukanyage pedali kwa nguvu mara kama kumi. Kisha pitisha kidole upande wa ndani wa kila tairi. Oili ya breki inateleza, ina manjano hafifu, na ikizeeka inakuwa kahawia. Kapeti kavu ni habari njema, lakini mulika pia pale masta silinda, ile pampu kuu chini ya kichupa cha oili, inaposhikana na busta, lile kopo kubwa linaloongeza nguvu ya mguu wako.

MamaSwaleh
Nimefanya, mlinzi wa hapa kanisaidia. Tairi tatu kavu. Ya nyuma kushoto ina michirizi kwa ndani, na kartoni imeshika doa la ukubwa wa kisahani cha chai. Inateleza kweli.

Fundi_Kongowea
Basi karibu nina hakika ni ile silinda ndogo ndani ya dramu. Fundi akishafungua, mwambie ainue ule mpira wa vumbi pembeni mwa silinda mbele ya macho yako. Kukiwa na oili nyuma yake, mipira ya ndani imekwisha. Badilisha silinda za nyuma zote mbili, maana zina umri mmoja. Shuu, vile vipande vinavyosukumwa kushika dramu kwa ndani, zikilowa oili zisirudishwe hata akikwambia atazikausha kwa moto. Leni, ile sehemu ya shuu inayosugua dramu, ikishanyonya oili haishiki tena vizuri, na gari litavuta upande mmoja. Shuu pia ni za pande zote mbili.

Kisha kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, na hapa ndipo wengi hufanya haraka. Kichupa kisikauke hata mara moja katikati ya kazi, na oili iliyotoka isirudishwe ndani. Gari lenye ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, likiingia hewa kwenye kile kidude chake, huenda likahitaji mashine ya kompyuta kuitoa.

Mzee_wa_Changamwe
Naongeza mawili, binti yangu. La kwanza, hii tunaiita oili kwa mazoea tu. Jirani yangu alitia oili ya injini kwenye kichupa cha breki, mipira yote ikavimba, akabadilisha kuanzia masta silinda hadi mwisho. Soma kifuniko cha kichupa, kinaonyesha daraja la oili: kikisema DOT 3, tia DOT 3 au DOT 4, ila DOT 5 ya silikoni usiichanganye. Nunua chupa iliyofungwa, kwani hunyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Kwa hewa yetu hii ya bahari, miaka miwili ikipita ibadilishwe.

La pili, mwambie apanguse zile paipu za chuma chini ya gari. Chumvi inazila pole pole. Paipu iliyovimba kutu ibadilishwe nzima, isizibwe.

MamaSwaleh
Nimerudi. Ilikuwa silinda kama alivyosema fundi. Fundi wa huku aliinua mpira kwa ncha ya bisibisi, ikatiririka oili nyeusi kama kahawa tungu. Silinda mbili mpya, shuu mpya, paipu moja imebadilishwa maana nati yake ilishika kutu na ikakatika ikifunguliwa. Tumetoa upepo magurudumu yote mpaka mapovu yakaisha. Pedali sasa iko juu na ngumu, nimeikanyaga dakika nzima haikuzama. Nawashukuru kwa moyo wote. Ila oili imemwagikia fenda kidogo, je, nipanguse na kitambaa?

Fundi_Kongowea
Usisugue, itaondoka na rangi. Mwagia maji mengi sasa hivi. Na kesho kabla ya kuvuka, fungua boneti utazame alama.