Starlet GT ya mjomba imelala miaka saba: nianzie injini au bodi?

KijanaWaLanet

Hamjambo wakubwa. Mjomba wangu wa Kakamega amenipa Toyota Starlet yake, modeli ya EP82 ya 1992, GT Turbo yenyewe, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Imekaa chini ya mwembe miaka saba. Nimeileta nyumbani Lanet, Nakuru, kwa mgongo wa kenta, na majirani wote wakatoka kutazama kama wanaopokea bibi harusi.

Hali yake ni hii. Rangi imechujuka, tairi zote nne hazina upepo, panya wamezaa kwenye kisanduku cha chujio la hewa na kutafuna waya kadhaa. Tangi lina petroli kama robo, inanuka vanishi. Injini sijathubutu kuiwasha. Maili zinasoma kilomita 148,000 na mjomba anaapa hazijarudishwa nyuma, ila mjomba ni mjomba.

Fundi mmoja alikuja, akafungua boneti, akatikisa kichwa. Anasema tabo (ile turbo inayosukuma hewa ndani ya injini) ni maradhi, nimpe 80,000 ang'oe injini yote aniwekee ya Starlet ya kawaida. Bajeti yangu nzima ni 150,000. Nina seti ya soketi, jeki, na wikendi zangu. Sitaki gari la maonyesho. Nataka litembee, lilie vile lilivyokuwa likilia mjomba akinipeleka shule, na kazi niifanye kwa mikono yangu kadiri nitakavyoweza. Nianzie wapi? Na injini ibaki au itoke?

MstaafuWaBoda

Niuzie mimi. Natania, lakini si sana.

SpeaKibuye

Omera, injini isitoke! Hiyo ni 4E-FTE, cc 1,331 tu, lakini kiwandani ilipewa nguvu farasi 135 ndani ya kigari kisichofika kilo 900. EP82 zilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 1995, na kwa sheria yetu ya magari yasiyozidi miaka minane, hakuna nyingine itakayoshuka bandarini. Zilizopo ndizo hizo. Muulize huyo fundi hayo "maradhi" akishayatoa atayatupa wapi. Utayakuta ndani ya gari la rafiki yake.

Halafu uko Nakuru, mita kama 1,850 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Tabo inakurudishia sehemu kubwa ya pumzi hiyo. Ukitoa tabo huko juu umelikata gari pafu.

Lakini kwanza hakikisha ni GT kweli. Boneti yenye tundu hununuliwa. Angalia kama kipoza hewa ya tabo (intakula) kimekaa juu ya injini chini ya hilo tundu, na usome kibati cha chasisi ukilinganishe na logbuku, ile hati ya umiliki.

MzeeSpana

Kijana, mmeanza kubishana juu ya injini na hakuna aliyeuliza kama kuna gari la kuwekea hiyo injini. Kakamega mvua hainyeshi, inamwagika. Miaka saba chini ya mwembe, majani yanaoza, maji yanakaa kwenye mifereji. Mimi nimefungua magari ya huko: juu yanang'aa, chini ni biskuti.

Kwa hiyo Jumamosi hii usiguse spana. Chukua bisibisi, sumaku ndogo na tochi. Toa mazulia yote. Choma kwa bisibisi kingo za chini ya milango, matao ya tairi za nyuma, shimo la spea tairi, chini ya betri, na pale shoka (shokabzoba) zinaposhikilia juu. Chuma kizuri kinagonga ng'! Kibovu kinanyamaza, bisibisi inazama. Sumaku ikikataa kushika, hapo kuna puti, na puti huficha kitu. Kutu ya tao la tairi ni aibu tu, inachomelewa. Kutu ya pale shoka inaposhika ni swali la kama mradi upo au haupo. Na ukiingia chini ya gari, stendi za chuma. Si mawe, si matofali. Nimebeba mtu mmoja hospitalini kwa sababu ya tofali, sitaki wa pili.

Bodi ikipita, ndipo uamshe injini, na usiiamshe kwa kelele. Mwaga petroli hiyo yote, usiichanganye na mpya. Safisha tangi, badilisha chujio, nozo za petroli zipeleke zikasafishwe. Toa plagi zote nne, tia kijiko cha oili kwenye kila silinda, lala. Kesho yake izungushe kwa mkono kutoka kwenye boliti ya kranki, upande wa saa inavyokwenda, pole pole. Ikigoma usiilazimishe. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, weka mpya na chujio jipya, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli), na ukiwa umeacha plagi nje piga stata mpaka taa ya oili izime. Hapo tabo imepata kulainishwa kabla ya kuzunguka kwa kasi. Wengi wanaiua dakika ya kwanza kabisa.

Tabo yenyewe: vua bomba la hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kando kwa kando ni kawaida. Ikicheza kuingia na kutoka, au mapanga yanagusa nyumba yake, hiyo inahitaji fundi wa tabo. Bomba jembamba linaloipelekea oili lisafishe au libadilishe, huziba kwa masizi. Mkanda wa taimingi usiulize umetembea kilomita ngapi. Mpira unazeeka hata gari likiwa limelala.

DadaMilimani

Nakubaliana na Mzee, ila breki ameziruka! Oili ya breki hunyonya maji, na baada ya miaka saba kalipa zimeshikana na raba zimekufa. Gari liwake kabla ya kusimama? Hapana. Tairi nazo usizijaze upepo ukafurahi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Za kusogeza uani sawa, za kwenda Naivasha la.

Mimi nilipiga rangi kwanza kwenye Starlet yangu ya EP91 kwa sababu nilitaka kuona matunda. Miezi minne baadaye injini ikatoka na mnyororo, ikakwaruza fenda yote. Nililia kidogo. Rangi iwe ya mwisho.

Na logbuku ihamishwe jina sasa, mjomba akiwa na nguvu za kubonyeza simu. Ukibadilisha injini au rangi, hayo nayo lazima yarekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri.

MstaafuWaBoda

Dada, kumbe unasoma tairi kama barua.

KijanaWaLanet

Narudi na ripoti. Mzee, nilifanya kama ulivyosema. Chini ya mlango wa dereva bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, na nyuma ya puti nikakuta kipande cha gazeti kimekunjwa. Mjomba nilipompigia alicheka mpaka akakohoa. Matao ya nyuma yote mawili mabovu. Lakini pale shoka zinaposhika, mbele na nyuma, ni ng' ng' ng', nimerudia mara tatu. Shimo la spea tairi lina kutu ya juu juu tu.

Kibati kinasema EP82, kipoza hewa kiko mahali pake. Injini niliilaza na oili usiku mbili, jana jioni ikazunguka kwa mkono. Shafti ya tabo inacheza kidogo kando, kuingia na kutoka hakuna. Yule fundi wa 80,000 nimemwambia asante. Akaniuliza kama basi namuuzia injini peke yake.

Logbuku tumeanza. Jumamosi ijayo ni breki zote nne, halafu fundi wa kuchomelea. Kuna mtu anamjua mmoja Nakuru anayekata kutu yote kabla ya kuweka bati jipya, si wa kubandika juu?

MzeeSpana

Yupo, nyuma ya gereji yangu. Lete gari kwa kenta, usiliendeshe. Na hilo gazeti usilitupe, nataka kuona tarehe.