Kuhamia Dar kutoka Wete, Pemba, na vyombo vya nyumba

Assalaam alaykum. Nahamia Dar na friji, kitanda, kabati na mabegi manne. Nianzie wapi?

— Waalaykum salaam ndugu yangu. Anza kwa sheha (kiongozi wa shehia yako), akupe barua ya uhamisho yenye orodha ya vyombo. Bandarini Dar forodha wanakagua, na kitu kipya ndani ya boksi kinaweza kuhesabiwa cha biashara. Risiti za zamani weka mkononi, si ndani ya begi. Kabati lifungue vipande vipande, skrubu zitie kwenye mfuko mdogo na uufunge kwenye mlango wake kwa utepe wa gundi. Friji izime siku moja kabla, ikauke, isafiri wima. Ikilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba. Ukiiwasha haraka kompresa inaweza kuharibika. Isimamishe saa 24 kwanza.

— Kitanda kiuze hukohuko! Huku Dar, Magomeni, utapata kingine, na uchukuzi unakula bei yake. Epuka kusafiri wakati wa kusi kali (upepo wa kusini), mkondo wa Pemba hauna huruma kwa mizigo.

— Nyumba je? Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, na dalali mwezi mmoja juu yake. Kabla hujalipa, uliza luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako au ya kuchangia.

— Hilo la luku ndilo linalogombanisha wapangaji.