Waunda programu mnaohifadhi fedha za watu kwenye floti, mnatutesa sisi wahasibu

Ndugu wanajamvi, nina miaka tisa ya uhasibu katika chama cha akiba na mikopo, na wiki hii nimekesha ofisini siku mbili nikitafuta shilingi moja. Mwanachama alikopeshwa shilingi 45,350,275; mkataba unasema hivyo, hati ya malipo inasema hivyo, lakini mfumo tuliouziwa unashikilia kwamba anadaiwa 45,350,276. Nilidhani karani kakosea kuandika, nikamgombeza bure.

Kosa ni la aliyeunda kanzidata, kwa kuwa safu ya fedha ameiwekea floti ya biti 32, yaani namba ya kompyuta yenye nukta inayoelea, iliyoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1. Aina hiyo ina biti 24 tu za kubebea tarakimu zenyewe, kwa hiyo ikishavuka 16,777,216 huanza kuruka namba, na kuanzia 33,554,432 hushika zile tu zinazogawanyika kwa nne. Wanaohesabu kwa dola huenda wasilione tatizo hilo mapema. Kwetu, milioni arobaini na tano ni mkopo wa kumalizia nyumba.

Nilipomwonyesha fundi, akabadilisha ikawa biti 64, akaniambia, "Mama, hapo imekwisha." Haikwisha. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika binari (uandishi wa 0 na 1 ambao kompyuta hutumia), kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali, na ndiyo maana ukitoa 0.1 mara tatu kutoka 0.3 hupati sifuri, bali kijisehemu hasi kinachoanzia nafasi ya 17 baada ya nukta. Kwa kuwa programu yake inauliza kama salio ni sawasawa na sifuri, mstaafu aliyemaliza mkopo wake ametumiwa barua ya kukumbushwa deni la "-0.00". Alikuja nayo mkononi, ameikunja mara nne.

Haya si mambo ya siri, maana kiwango cha IEEE 754, kinachoeleza floti zinavyofanya kazi, kipo tangu 1985. Fedha huhifadhiwa kwa senti kama namba kamili, au kwa aina ya DECIMAL, inayoshika desimali kamili. Kwenye lugha ya programu ya Java ipo BigDecimal kwa kazi hiyo hiyo, ilimradi uipe thamani kama maandishi, kwani ukiipitisha kwanza kwenye floti, kosa linahamia humo lilivyo.

Fundi sasa anasema shilingi hiyo atailipa mwenyewe. Shilingi yake siitaki. Nataka aniambie mkaguzi akifika Jumatatu nimwandikie maelezo gani kwenye mstari huo.