Usiku wako wa kwanza kwenye hema, Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

MwanaMikindani
Wakuu, salaam. Juzi kijana mmoja ofisini kaniuliza kama huku kwetu kuna mahali pa kupiga kambi. Nikamjibu "tele", halafu nikakumbuka kuwa kambi yangu ya kwanza wavuvi ndio walioniokotea sufuria. Nafungua mimi, kisha kila mtu alete yake. Ya baharini, ya ziwani, ya mtoni, ya porini, zote ruksa. Sharti moja tu: iwe imekukuta wewe, siyo shemeji yako.

Yangu ni Msimbati. Tulikuwa wanne na gari la kuazima. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kiingilio unalipa kwanza. Maji yakitoka, mchanga wake unakuwa mgumu hadi magari yanapita juu yake kama lami. Tukachagua mahali tulipoona pazuri kuliko pote: bapa, hapana miiba, ukinyoosha mguu unagusa bahari. Mzee mmoja akapita na mshipi wa kuvulia begani, akasimama kututazama.

"Wajukuu, mwezi mnauona?"

"Tunauona mzee, mzuri kweli."

Ulikuwa mpevu. Akacheka, akaenda zake. Sisi tukadhani anausifia.

Saa kumi usiku nikaamka mgongo umelowa. Nikamtukana mwenzangu nikidhani kamwaga maji ya kunywa. Kumbe bamvua! Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupanda kupita siku zote, na pwani yetu bamvua hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na alasiri. Ukilala penye mchanga uliolowa jana alasiri, na wewe utalowa. Tuliokoa hema, blanketi mbili na mfuko wa unga. Sufuria, ndala za watu watatu na kreti zima la soda vilikwenda na maji.

Kulipokucha wavuvi wakaleta sufuria, wamelikuta limenasa kwenye mikoko, limejaa mchanga, na kaa mmoja ndani amekaa kama mwenye nyumba. Yule mzee alikuwa nao. Hakusema neno. Alinyoosha kidole tu kwenye mstari wa mwani mkavu, kule juu karibu na mivinje, hatua kama thelathini nyuma ya tulipolala.

Haya, karibuni.

Chuno_Boy
Kreti zima? Mlikwenda kupiga kambi au kufungua duka?

MwanaMikindani
Usinikumbushe mkuu. Chupa zilikuwa za kurudisha.

Dada wa Rutamba
Mimi ya ziwani. Ziwa Rutamba, Lindi, upande wa msitu wa Litipo. Tulikwenda ukoo mzima, watoto sita, watu wazima watano. Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukasalimia, tukasema tumefuata nini, naye akatupa kijana wa kutuonyesha pa kulala. Kijana akasema msilale chini ya ule mti. Mjomba akasema mti una kivuli. Tukalala chini ya mti.

Siafu hawabishi hodi. Zipu ya hema la wanawake ilikuwa imeachwa wazi upana wa kidole, basi. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mama mdogo, naye ni mtu wa heshima zake, lakini usiku ule alitoka mbio na kitenge mkononi. Mimi mmoja alining'ata kwenye kope. Unamvuta, kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki. Yule kijana akaja na majivu ya moto kwenye beleshi, akayamwaga kuzunguka mahema, msafara ukapinda taratibu ukashika njia nyingine. Mjomba hadi leo anasema ni mafuta ya samaki tuliyomwaga, siyo mti.

Lingine, na hili naliongea kama muuguzi. Ziwa la maji baridi, hasa pembeni penye majani na konokono, usiingie kuoga kwa sababu tu maji yametulia. Kichocho kinapita kwenye ngozi nzima, hakihitaji kidonda. Kaka yangu aliona nawaharibia watu starehe, akaoga siku mbili mfululizo. Miezi mitatu baadaye kanipigia simu, anaongea kwa sauti ya chini, mkojo una damu. Dawa ipo na inatibu vizuri, alikunywa akapona. Ila siku hizi nikisema "toka majini" anatoka.

Mwl_Nanyumbu
Pole dada, siafu nawajua. Sisi walimu watatu tulikwenda kuvua Ruvuma, upande wa Mtambaswala, ukiliacha Daraja la Umoja kwa nyuma. Tukakuta njia safi inatoka vichakani hadi majini. Tukasema hii njia ya kina mama wachota maji, tulale hapa, asubuhi watatupa habari za kijiji.

Jioni akatokea mvuvi na mtumbwi wake. "Walimu, hiyo njia mmeitazama?" Tukaitazama. Njia ya mtu huwa moja katikati. Ile ilikuwa na michirizi miwili, kati kati nyasi zimebaki kama tuta, maana mwenye njia ana tumbo pana na miguu yake inakanyaga huku na huku. Pembeni mavi yametapakaa kwenye vichaka hadi usawa wa kiuno, anayarusha kwa mkia. Kiboko. Mchana yumo majini, usiku anapanda kula majani, na njia yake ni ile ile kila siku. Ukiwa katikati yake na maji, ndipo anapoua.

Tulihama giza linaingia, vigingi vingine tuliviacha. Usiku tukamsikia, mbali kidogo, anang'oa nyasi kama mtu anayechana magunia. Mwalimu wa hesabu alitumia usiku ule kukokotoa mshahara wake kwa saa.

Chuno_Boy
Yangu fupi. Msimbati pia, tumewasha taa kubwa ya chaji tunacheza karata, saa nne usiku. Kitu kikapita mguuni, nikadhani kaa. Mtoto wa kasa! Mmoja, wawili, kumi na kitu, kila mmoja kama kiberiti, wanakuja kwenye taa badala ya kwenda majini. Wakitoka kwenye yai hufuata kulikong'aa, na usiku kawaida huko ni baharini. Tukazima kila kitu, hata simu. Tukakaa gizani kimya kama watoto wa madrasa. Wakageuka wenyewe. Karata sikumbuki nani alishinda.

Mama Ming'oko
Wanangu mnabeba makopo ya nini? Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, chemsha nyumbani, beba kwenye kapu, hailalamiki joto. Samaki nunua palepale wavuvi wanapotua, chumvi, ndimu, moto. Mimi nina miaka 61 na nimelala Msimbati mara nyingi kuliko ninyi wote, na sijawahi kulowa.

Swali: nataka kuwapeleka wajukuu likizo ya Juni. Kusi litatusumbua?

MwanaMikindani
Shikamoo mama. Kusi mwezi wa sita linavuma kweli, mchanga unaingia hadi kwenye chai. Hema lipe mgongo upepo, vigingi vifukie kwa kina. Mnakwenda mwezi mwandamo tarehe ngapi?

Mama Ming'oko
Marahaba. Tarehe nane.

MwanaMikindani
Hapo ni maji mafu, hayapandi juu sana, mtalala wakavu. Pita nyumbani mama uchukue sufuria lile la kaa, bado zima.