Merikebu ya Austin, gumzo la ukoo

Mama Rehema: Assalam alaykum jamaa. Tumeamka salama kambini McKinney Falls, hapa Austin, Texas. Gari-nyumba tumeliacha huko limechomekwa umeme, ni refu mno kwa mitaa ya mjini. Leo tuko Bullock, makumbusho ya historia ya jimbo.

Bibi: Waalaykum salaam. Mmekula?

Mama Rehema: Tumekula mama. Mahamri niliyakaanga humo humo garini.

Rehema: Shikamoo Bibi. Shikamoo Mjomba Fundi. Mjomba tazama! [picha]

Mjomba Fundi: Marahaba mwanangu. Merikebu hiyo? Mbona naona mkuku, ule uti wa chini, na mataruma, zile mbavu zake, tu, ubavu mmoja hauna mbao?

Baba Rehema: Ndivyo ilivyopatikana shemeji. Yaitwa La Belle, iliundwa Rochefort, Ufaransa, mwaka 1684. Ikazama ghuba ya Matagorda 1686. Ya juu imeliwa na bahari, ya chini ilifunikwa na tope.

Mjomba Fundi: Tope ndilo lililoiokoa. Wadudu wa mbao hawaishi mule. Urefu?

Baba Rehema: Futi 54.

Mjomba Fundi: Dhiraa 36. Basi jahazi kubwa la hapa Lamu laifikia.

Rehema: Mjomba, mataruma yametiwa alama za kuchonga! Hapa wanasema mwanzo walikusudia kuibeba vipande vipande ndani ya merikebu nyingine, waje waiunge huku. Baadaye wakaiunga kulekule Ufaransa.

Mjomba Fundi: Allah! Sisi taruma twalikata kwa jicho, kila mti una pindo lake. Hizo alama nipigie picha moja moja, kwa karibu.

Bibi: Walikuwa wakienda wapi?

Baba Rehema: Mkuu wao La Salle alitaka mdomo wa mto Mississippi. Alitoka Ufaransa na vyombo vinne na watu wapata 300, akaupita mto bila kuujua. Chombo kimoja kilitekwa na Wahispania njiani, kimoja kikapanda fungu mlangoni mwa ghuba, kimoja kikarudi Ufaransa. Kikabaki hiki, nacho upepo wa kaskazini ukakiburuta. Mwaka 1687 La Salle akauawa na watu wake mwenyewe.

Bibi: Na wenye nchi?

Mama Rehema: Wakarankawa, mama. Wafaransa walichukua mitumbwi yao, uhasama ukaanza hapo. Mwisho ngome waliyoijenga Wafaransa huko ikavamiwa.

Shangazi Mombasa: Mtu wa pwani ukimchukulia mtumbwi umemkata miguu. Sishangai.

Mama Rehema: Ndani kulikuwa na mizinga ya shaba, bunduki, na shanga za kioo mamia ya maelfu, za kufanyia biashara. Bibi ungeziona, buluu na nyeupe, ndogo ndogo kama zile za sandukuni mwako. Na walikuta mifupa ya baharia, amelala juu ya kamba za nanga huko omo, mbele ya chombo.

Bibi: Maskini. Walimzika?

Mama Rehema: Walimzika 2004, makaburi ya jimbo, hapa hapa Austin.

Bibi: Wamefanya vyema. Mtoto wa watu yule, mamake alimngoja.

Mjomba Fundi: Nielezeni waliitoaje. Hili ndilo nilitakalo.

Baba Rehema: Iligunduliwa 1995. Kina cha maji kilikuwa kama pima mbili tu, futi 12, lakini machafu, mzamiaji haoni mkono wake. Basi wakaizungushia ukuta wa chuma wa tabaka mbili, katikati wakajaza mchanga, kisha wakavuta maji yote. Wakachimba juu ya nchi kavu katikati ya bahari! Halafu wakaifungua ubao kwa ubao.

Mjomba Fundi: Na mbao hazikupasuka? Ubao uliokaa majini miaka 300 ukiukausha juani unajikunja na kuvunjika.

Baba Rehema: Hawakuukausha juani. Chuo kikuu cha Texas A&M waliulowesha katika poliethilini glaikoli, ni kama nta inayoyeyuka majini, ikaingia mahali pa maji ndani ya ubao. Kisha wakaugandisha kwa baridi kali na kuvuta unyevu uliobaki. Kazi ya miaka. Kuunga upya walianza 2014 humu makumbusho, wageni wakitazama.

Mjomba Fundi: Mimi nilidhani watatia sifa, yaani mafuta ya papa, na shahamu.

Rehema: Kuna pia sanamu iliyokaa juu ya jengo la bunge toka 1888 hadi 1985. Uso wake mkubwa umetengenezwa uonekane kutoka chini. Lakini mimi narudi kwenye merikebu.

Shangazi Mombasa: Texas A&M? Subirini. Sisi tuna yetu. Santo António de Tanna, ya Wareno, ilizama mbele ya Fort Jesus 1697, Waomani walipoizingira ngome. Miaka 11 tu baada ya hiyo yenu! Walioichimba 1977 hadi 1980, pamoja na Makumbusho ya Kenya, ni taasisi ya akiolojia ya baharini iliyo hapo hapo Texas A&M.

Baba Rehema: Dada, sikujua kabisa.

Shangazi Mombasa: Vyombo vilivyokuwa ndani yake viko Fort Jesus. Gamba lenyewe la merikebu walilipima, wakalichora, wakalifunika tena chini ya bahari.

Mjomba Fundi: Wangeitoa! Mafundi wa kuisoma wako huku. Iliundwa India, na sisi kazi ya India twaijua.

Shangazi Mombasa: Shemeji, umesikia ile nta na ile baridi? Ukiitoa bila mitambo hiyo itakufa juani. Kuifunika ilikuwa sawa. Lakini nakubali, siku ya kuitoa mafundi wa Lamu waitwe mwanzo, si mwisho.

Mjomba Fundi: Hapo umesema.

Bibi: Mimi nitakuja Mombasa nivione hivyo vyombo kabla ya Ramadhani.

Shangazi Mombasa: Karibu mama, chumba kipo.

Mjomba Fundi: Rehema, picha ya pale mkuku unapoungana na tezi, kule nyuma, ina ukungu. Simu iweke pembeni ya kioo, si mbele, upige tena.