Naomba ushauri: njia ipi ni salama kutolea fedha za kasino ya mtandaoni?

Mkazi_wa_Tabata (mleta uzi): Wakuu, habari za jioni. Ninacheza kasino ya mtandaoni na siku zote nimeweka fedha kwa simu. Salio limefika laki sita na nusu, lakini kila nikiomba kutoa, ombi linakataliwa. Nimefikiria kuweka kiasi kidogo kwa kadi ya benki ili nitolee huko, au nitumie sarafu za kidijitali, maana nasikia huko hakuna maswali mengi. Ipi ni salama na ina makato nafuu? Kodi ya nyumba imekaribia na usingizi siupati.

Mzee_wa_Magomeni: Mwanangu, fedha ya kodi haipelekwi kwenye kubahatisha. Nimeona vijana wa mtaa wetu wakiuza hadi vitanda. Ukizipata hizo, funga akaunti.

Wakala_Kariakoo: Kaka, kadi kwenye tovuti za nje hubadilishwa kuwa dola na benki hukata chake, tena kasino nyingine hupokea kwa kadi lakini hazilipi kwa kadi. Hapa kibandani kwangu aliwahi kuja kijana na laini ya rafiki yake. Nilipoona jina la kwenye simu halifanani na la kitambulisho, nilimrudishia simu yake, akanitukana mbele ya wateja.

Fundi_Miamala: Mleta uzi, ombi linakataliwa kwa sababu gani? Na laini imesajiliwa kwa jina la nani?

Mkazi_wa_Tabata: Wanasema jina la mpokeaji halilingani na la akaunti. Laini ni ya mke wangu. Lakini mimi nimeuliza njia ya malipo, sikuuliza habari za nyumbani. Isitoshe, nimeshaelewana na kijana mmoja wa Telegram atakayenitolea kwa sarafu za kidijitali, akate asilimia kumi. Anachohitaji ni nywila yangu tu.

Wakala_Kariakoo: Na fedha ulizoweka zilikuwa za nani?

Mkazi_wa_Tabata: Za mtaji wake wa vitenge. Nilikusudia kuzirudisha kabla hajaenda kuchukua mzigo, na bado nakusudia.

Fundi_Miamala: Ndugu yangu, usimpe nywila. Atabadilisha namba ya simu ya akaunti, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayeonekana mgeni. Sarafu za kidijitali zikishatumwa kwenye anwani isiyo yako, hakuna wakala wala benki ya kuzirudisha. Kadi nayo haitakusaidia, kwa sababu kasino zinazofuata taratibu za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu hurudisha fedha kwa njia ileile zilikoingilia, na kwa mtu yuleyule mwenye akaunti. Jambo lako ni la majina. Kwanza hakikisha kampuni hiyo ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Ikiwa nayo na ikakuzungusha, unaweza kuilalamikia huko. Kisha waandikie huduma kwa wateja ukweli wote, na uambatanishe kitambulisho chako cha NIDA. Mtu yeyote akikutaka utume "kodi" kwanza ndipo ulipwe, mkimbie: kodi ya ushindi hukatwa na kampuni kwenye ushindi wenyewe.

Mpita_Njia_Ilala: Mimi habari hii siiamini. Mtu asiyepata usingizi anakumbukaje kutuwekea asilimia ya kijana wa Telegram? Nyuzi za namna hii mwisho wake ni namba ya simu.

Mzee_wa_Magomeni: Nami nimeanza kushuku. Kwanza kodi ya nyumba, sasa vitenge.

Mkazi_wa_Tabata: Sina namba ya kumpa mtu. Ujumbe wao ninaunakili kama ulivyo: "Jina halilingani. Masharti ya bonasi hayajatimizwa."

Fundi_Miamala: Hilo la bonasi ulilificha tangu mwanzo. Maana yake sehemu ya hizo laki sita na nusu bado si fedha yako mpaka uichezee kiasi walichokuandikia. Usiongeze hata shilingi kuikimbiza; waulize ni kiasi gani kinachotoleka leo, bonasi ikifutwa.

Mkazi_wa_Tabata: Kijana nimemwambia asubiri. Huduma kwa wateja nitawaandikia usiku huu. Mke wangu nitamweleza fedha zikishaingia.

Wakala_Kariakoo: Kaka, wakikubali kulipa kwa laini ile, ujumbe wa muamala utaingia kwenye simu ya wifi yangu, na jina la kampuni litakuwepo. Ongea naye kabla.